Kamera yangu ya kwanza na biharusi nisiyemjua



Wengi mnanijua kwa cherehani. Nashona magauni ya harusi hapa Unguja toka nimalize kozi ya ushonaji, na huu ni mwaka wa 11. Mwaka jana nikaongeza kazi ya kupiga picha za mabiharusi, na toka hapo haipiti wiki sijaulizwa: "Dada, umenunua kamera gani? Shilingi ngapi?" Leo najibu, lakini naomba msome mpaka mwisho, maana somo kubwa nililipata baada ya kununua.

Kilichonisukuma ni mteja wangu mmoja. Gauni lake nililitia lulu kwa mkono wiki tatu. Siku ya kupamba kadi ziliandikwa kabisa kwamba simu haziruhusiwi, na mpiga picha alikuwa mwanamke, tukaridhika. Siku nne baadaye picha ya biharusi, kichwa wazi na mabega nje, ikawa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpiga picha aliapa kuwa si yeye, kumbe picha alizipeleka kwa kijana wa kiume azisafishe. Yule msichana alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja akalia mpaka adhuhuri. Sikuwa na la kumwambia. Siku ile nikatia nia.

Pesa yangu ilikuwa ya mchezo. Tuko wanawake 12, kila mmoja anatoa 100,000 kwa mwezi, na zamu yangu ikaja: 1,200,000. Jamaa mmoja alinishauri nichukue mkopo niongezee, ninunue kamera kubwa mpya kama za maharusi ya mahotelini. Mkopo wenyewe ni wa riba. Nikamwambia asante, nitanunua kwa urefu wa kanga yangu.

Nilivuka na boti kwenda Dar, nikazunguka Kariakoo siku nzima. Kila duka linakusifia megapikseli. Dada, usibabaike na hizo. Picha ya albamu ya ukubwa wa A4, ikichapwa vizuri kabisa, inahitaji kama megapikseli 9 tu. Nilichoshika mkononi ni Canon 600D iliyotumika, kamera iliyotoka mwaka 2011, na ina 18. Zinanitosha na kubaki. Niliipendea pia kioo chake cha nyuma, kinafunguka na kugeuka. Biharusi akiwa amekaa chini kwenye mkeka anatiwa hina, naiteremsha kamera mpaka usawa wa mkono wake bila ya mimi kulala sakafuni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji hakuambii: pesa weka kwenye lenzi. Kamera nyingi za mwanzo zinakuja na lenzi ya 18-55. Ni nzuri kwa picha ya ukumbi na ya jamaa waliojipanga, lakini kazi yetu ni ya usiku, ndani, taa za rangi. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake linafunguka f/5.6 tu. Mimi nikaongeza lenzi ya 50 ya f/1.8. Namba hizi ni kama za sindano za mkono: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Basi f/1.8 ni tundu kubwa, linaingiza mwanga karibu mara kumi ya lile la f/5.6. Uso wa biharusi unatoka laini, hina inaonekana, na humpigi flashi machoni mpaka akafumba. Ila ujue kwamba kwenye kamera hizi ndogo lenzi ya 50 inasogeza mtu karibu sana, kwa hiyo chumba kikiwa kidogo utagota ukutani. Hapo unarudi kwenye 18-55.

Ukipenda Nikon, si vibaya. D3500 ni nyepesi na rahisi kujifunzia. Lakini bodi zake ndogo hazina mota ya kulenga, kwa hiyo lenzi yake iwe ya AF-S au AF-P. Mimi nilipewa lenzi ya zamani kwa bei ya kuokota, nikaijaribu, kila picha naizungusha mwenyewe kwa mkono. Biharusi anapita, wewe bado unazungusha.

Kitu kilichotumika kikague kama unavyokagua kitambaa. Washa tochi ya simu uimulike ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na sisi watu wa pwani unyevu wetu unaijua njia. Piga picha ya ukuta mweupe utafute madoa. Uliza imepiga picha ngapi, maana shata nayo inachoka. Za daraja hili hutarajiwa kufika kama 100,000. Bodi na lenzi ya 18-55 nilipata kwa 680,000, lenzi ya 50 kwa 350,000, betri ya pili 45,000. Kilichobaki kikawa nauli, chakula na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Ndani yake natia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kamera inalala humo.

Muuzaji akanipa na memori kadi bure. "Nimeshaifuta, dada," akasema. Nikafurahi.

Wiki ya pili nilipiga picha za gauni la mteja kwa ajili ya kujifunza, kisha kwa ujinga wangu nikaifuta kadi yote. Nikamwita mtoto wa dada yangu anayesoma kompyuta, akaweka programu ya kurudisha picha. Za gauni zilirudi. Zikafuata nyengine ambazo si zangu. Biharusi, simjui mpaka leo, yuko chumbani kwao anapambwa. Nywele wazi, kanga kifuani, anacheka na mama mtu mzima anayemsinga.

Nilimwambia mtoto afunge haraka. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Binti wa watu alicheka vile kwa kuwa aliamini waliomo chumbani ni wanawake wenzake tu, na miaka ikapita, na kadi ikauzwa na kugawiwa kama peremende. Nilimpigia muuzaji nimrejeshee mwenyewe amana yake. Akasema naye alinunua kwa mtu, hamjui. Tukafuta kilichoingia kwenye kompyuta, na kadi nikaikata vipande kwa koleo. Nikamuombea dada yule stara.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha amana tuzirejeshe kwa wenyewe. Nilikuwa naisoma nikifikiria pesa na dhahabu. Sasa nafikiria na picha.

Basi hii ndiyo kazi yangu ilivyo. Kila biharusi nampigia kwa kadi mpya, bei yake imo ndani ya malipo yangu. Kamera yangu haina Wi-Fi, na sijutii. Picha nasafisha mwenyewe usiku watoto wakilala, polepole, bado najifunza. Za albamu napeleka kwa dada mwenye mashine ya kuchapa, nakaa hapo hapo mpaka ya mwisho itoke. Kisha kompyutani nazifuta, na kadi namkabidhi biharusi mkononi, mbele ya mama yake au shangazi yake. Yeye ndiye mwenye picha.

Na wewe unayeolewa, usiulize tu "kamera gani?" Muulize mpiga picha wako maswali matatu: nani atazisafisha, zitachapwa wapi, na kadi itabaki kwa nani. Akisitasita, tafuta mwengine, hata kama kamera yake ni ya milioni tano.

Yule mteja wangu wa kwanza aliyelia dukani sasa ana mtoto wa miezi mitatu. Juzi alinipigia: mdogo wake anaolewa Mfungo Mosi inshaallah, na amesema picha nipige mimi. Niombeeni dua, dada zangu, mikono isitetemeke.