Umbali wa Mwanza na Bukoba

Katika somo la ramani niliwataka wanafunzi wangu wa hapa Mwanza wapime umbali uliopo baina ya viwanja vya ndege vya Mwanza na Bukoba. Waliweka rula juu ya Ziwa Victoria, wakakokotoa kwa kipimio, wakaniletea jibu moja: kilometa 175 hivi. Nikawapa alama zote. Ndipo kijana mmoja alipoinua mkono, akauliza: "Mwalimu, hii ni njia ya ndege. Sisi tusio na nauli yake tupime wapi?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.

Ndege huuvuka mstari ule kwa muda usiofika saa moja. Meli hung'oa nanga jioni, hupitia Kemondo, na abiria huliona jua la asubuhi wakiwa Bukoba. Basi halina budi kulizunguka ziwa kwa njia ya Geita, Biharamulo na Muleba, mwendo wa zaidi ya kilometa 400. Miji ni ile ile miwili, lakini mmoja huihesabu kwa dakika, mwingine kwa usiku, mwingine kwa kutwa nzima.

Mwaka 2009 baba yangu alifariki huko Bukoba. Habari zilinifikia usiku, na maziko yalipangwa kesho yake alasiri. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Meli nayo mama alikwisha tukataza, tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Nikapanda basi la alfajiri. Pale Kigongo tulikuta foleni ndefu ya kivuko, tukangoja. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Wazee walikuwa wamengoja kadiri walivyoweza. Mama alinishika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Mwanza ni mbali."

Tangu Juni 2025 pale kwenye kivuko pana daraja la kilometa 3, na foleni ile haipo tena. Ni jambo la kushukuru. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini ni wao pia waliosema ngojangoja huumiza matumbo, na aliyefiwa anajua usemi upi ni wake.

Siku ya pili nilirudi darasani, nikamwita yule kijana ubaoni. Nikamwambia aandike majibu matatu: la ndege, la meli na la basi, na kando ya kila moja aandike nauli yake. Jibu la rula lilikuwa sahihi, nami sikumwondolea mtu alama. Ila niliwaambia kwamba nchi haijawa ndogo kwa sababu ndege yaenda mbio. Huwa ndogo siku ile mwana wa mvuvi na mwana wa mkulima watakapoweza kuwahi kumzika mzazi wao.