Kadi Iliyopita Majini



Katika kikundi chetu hapa Uvira yumo mwenzetu ambaye kwa miaka mingi alitunza, ndani ya misale ya mama yake, kadi moja ndogo ya karatasi ngumu. Ina picha ya Dikembe Mutombo akiwa amevaa sare ya Denver Nuggets, nayo ilichapwa katika msimu wake wa kwanza wa mpira wa kikapu huko Marekani, 1991-1992. Kaka yake mkubwa, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kupokelewa Marekani, ndiye aliyeituma iwe zawadi. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba, misale iliokolewa ikiwa imelowa. Kadi ilikauka pamoja nayo. Lakini pembe moja ililegea, na doa la rangi ya chai likabaki karibu na mkono wa mchezaji.

Mutombo alipofariki, tarehe 30 Septemba 2024, tulisikia watu wakisema kwamba kadi zake sasa zitakuwa mali. Mwenzetu alikuwa katika darasa la mwisho la sekondari, na pesa za mtihani wa Serikali zilikuwa hazijapatikana. Tukajawa na matumaini. Tuliketi upande wa Kalundu, tukiwa na simu moja yenye intaneti, tukaanza kuchunguza.

Tulijifunza kwamba mnunuzi wa mbali hatoi pesa nyingi kwa kuamini neno la muuzaji peke yake. Kadi hupelekwa kwanza kwa kampuni ya upimaji. Huko huhakikishwa kwamba ni halisi, hutazamwa kwa makini, hupewa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha hufungwa ndani ya kasha la plastiki lisiloweza kufunguliwa bila kuvunjwa.

Tukalinganisha kampuni nne. PSA, iliyoanzishwa 1991 huko California, ndiyo wanunuzi huitaja kwanza. Huipa kadi nzima alama moja tu, na jina lake hupandisha bei. Lakini umaarufu una foleni yake: mwezi wa Machi 2021 ililazimika kusimamisha huduma zake nyingi, kwa kuwa kadi zilizongoja zilikuwa zimerundikana kupita kiasi. Beckett ya Texas ilikuwa ikichapisha orodha za bei kabla ya kuanza kupima kadi mwaka 1999. Hiyo ilijulikana kwa kueleza sababu: jinsi picha ilivyokaa katikati, pembe, kingo na uso, kila kimoja na alama yake. Tena alama ya jumla si wastani tu; udhaifu mmoja huivuta chini. SGC, iliyoanza 1998, hutambulikana kwa fremu nyeusi, na hupendwa na wenye kadi za kale. Mwaka 2024 ilinunuliwa na Collectors, kampuni mama ya PSA, hata washindani wawili wakawa watoto wa nyumba moja. CGC ilitokea katika upimaji wa vitabu vya katuni, ikaingia katika kadi mwaka 2020.

Hukumu yetu ilikuwa hii: anayetaka kuuza aende PSA, anayetaka kujua kwa nini amepewa alama fulani aende Beckett. Na sisi? Kila tulipopiga hesabu, tulirudi pale pale. Hata huduma ya bei ya chini ingedai zaidi ya dola kumi, mbali na gharama ya kuifikisha kadi Bujumbura kwa njia ya Kavimvira na kuituma ng'ambo. Tena katika miaka ile kadi zilichapwa kwa wingi mno, hata kadi ya Mutombo isiyo na dosari si adimu. Yetu, yenye doa na pembe iliyolegea, ingepata alama ya chini, na bei yake isingerudisha hata gharama za safari.

Hapo ndipo tulipokosea. Mmoja wetu alisema kwamba pembe mbovu inaweza kunyooshwa kwa kukata ukingo kidogo tu. Wembe ukaletwa. Hatukumkataza, tulisogea karibu tuone vizuri.

Mama wa mwenzetu alikuwa akianika ndagala uani. Akaja, akauchukua wembe mezani, akasema, «Wanangu, karatasi hii ilipita majini pamoja nasi. Mkiikata, mtamwambia nani kwamba haikupita?» Kisha akarudi kwenye ndagala zake.

Baadaye, kwa aibu, tulisoma habari ya kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani. Ndiyo kadi ya kwanza kupimwa na PSA, mwaka 1991, ikapewa alama 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa ameiuza zamani, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Leo mpimaji akigundua kwamba kadi imekatwa, huinyima alama ya namba. Lakini ile iliyokatwa kwa ustadi ilipita machoni pake. Basi kasha la plastiki ni shahidi mwenye faida, wala si shahidi asiyekosea. Na yule mwenye wembe huwa amekwisha kujua ukweli kabla ya mpimaji.

Pesa za mtihani zilipatikana kwa njia ya kawaida: tulibeba mchanga kwa wajenzi Jumamosi tatu, na mama yule akaongeza faida ya ndagala. Mwenzetu aliketi mtihani, akapata diploma yake kwa asilimia 54. Wako waliocheka namba hiyo. Sisi tuliomwona akisoma kwa mwanga wa simu, baada ya kubeba mchanga mchana kutwa, hatukucheka.

Hatudharau upimaji. Namba husaidia watu wasiofahamiana kuaminiana, na aliyefaulu vizuri asifiwe. Lakini kila namba ina mpaka wake. Hakuna alama ya kadi inayoeleza kwamba Mutombo alikwenda Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari, wala kwamba hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa mwaka 2007. Mpimaji huulizwa juu ya karatasi, naye hujibu juu ya karatasi. Kosa ni letu tunapochukua jibu hilo na kumbandika nalo mtu.

Kadi imerudi ndani ya misale, na doa lake lipo.

Kwa mazungumzo ya vikundi:
Ni wembe gani tumeushika, au tumeutazama tu, ili tuonekane bora kuliko tulivyo?
Ni nani katika kikundi chetu tunayemjua kwa namba yake tu, bila kujua maji aliyopita?