Lijitu la zebaki

Watu wakiniuliza ugonjwa huu wa hadithi za kisayansi niliupatia wapi, huwa nawajibu Isaac Asimov. Ni jibu zuri, hasa ukiwa mezani na waandishi wenzako. Ukweli ni kwamba niliupatia kwenye kibanda umiza kule Mbagala, juu ya benchi la mbao, nimebanwa katikati ya kaka yangu na bwana mmoja aliyenuka mafuta ya taa.

Filamu ilikuwa Terminator 2 ya James Cameron. Ilitoka mwaka 1991, sisi tuliiona kama miaka kumi na tano baadaye, diski imekwaruzika vibaya, na juu ya sauti za Wamarekani kulikuwa na sauti ya mtafsiri wetu akisimulia kwa Kiswahili cha mjini. Mnakumbuka pale T-1000 anapopita katikati ya nondo kule hospitali, mwili unapita lakini bastola inakwama? Mtafsiri hakuhangaika na istilahi. Alipaza sauti: "Jamani huyu si mtu, ni lijitu la zebaki!" Kibanda kizima tukapiga kelele. Mpaka leo sijaona aliyemweleza vizuri zaidi.

Kaka yangu aliishia darasa la saba, akaenda kujifunza ufundi gereji. Mimi niliendelea, nikafika chuo, nikakutana na vitabu. Kindred ya Octavia Butler niliimaliza usiku mmoja: dada mweusi wa California ya mwaka 1976 anavutwa ghafla na kurudishwa Maryland enzi za utumwa, na yule mtoto wa kizungu anayetakiwa kumwokoa kila mara ndiye babu yake. Asubuhi nilikuwa na hamu ya kumsimulia kaka. Nikaanza vizuri, lakini kila sentensi ya tatu naangukia kwenye Kiingereza. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama chai imebaki.

Iliniuma, nawaambieni. Mtu niliyeanza naye kibandani, sasa namsimulia kama mgeni.

Cha ajabu, watu wa mbali walishaipeleka lugha yetu angani. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966, alikuwemo Luteni Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyemwigiza. Katika kipindi hicho hicho cha kwanza, kiumbe kinachojigeuza umbo la mwanaume kinamsemesha Kiswahili! Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru. Halafu mwaka 1983, kwenye Return of the Jedi, Mkenya Kipsang Rotich akampa sauti Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando, naye akaongea Kikuyu.

Nilizifurahia sana habari hizi nilipozijua. Siku hizi furaha imepungua kidogo. Uhura akimaliza salamu anarudi kwenye Kiingereza, na lugha ya bibi wa mtu kule Nyeri imekuwa lugha ya kiumbe mwenye mashavu yanayoning'inia. Tumo, lakini kama viungo kwenye pilau la mwenzetu.

Msije mkasema hatuna vyetu. Katama Mkangi alituandikia Walenisi mwaka 1995, na Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika ishirini na kitu kuhusu dunia iliyobaki bila maji baada ya vita. Naipenda mno. Ila jina ndilo la Kiswahili, maongezi yake machache ni ya Kiingereza. Simlaumu dada yule, maana nami nina dhambi hiyo hiyo.

Kwa miaka miwili nimekuwa naandika hadithi ya fundi wa mitambo ya maji Kigamboni, mwaka 2090, bahari imeshameza nusu ya mtaa. Nimekwama ukurasa wa 11. Fundi akiwa nyumbani kwake anaongea vizuri tu. Akishika mtambo, anageuka kitabu cha maelekezo.

Jumapili iliyopita nilijikaza nikamsomea kaka. Alicheka.

"Dogo, huyu fundi wako anaongea kama tangazo la benki."

Nikamwambia sina maneno ya mitambo ya wakati huo. Akanishangaa. "Kwani mtambo ukinoki unasemaje? Umenoki. Betri ikilala imelala. Hiyo miaka ya mbele mafundi watakuwa wameacha kuwa mafundi?"

Akachukua karatasi zangu, akapitisha kidole chenye grisi kwenye mistari, na kuacha alama nyeusi kwenye kila neno lililomkera. Zilikuwa nyingi. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kujiuliza.

"Huyu jamaa analipwa na nani?"

Nimefuta kurasa nne. Kaka amesema Jumapili hii atapita tena, anataka kusikia kama fundi ameshapata hela yake.