Mawe ya Mji Wetu



Katika somo la historia tulisoma juu ya miji ya zamani ya kusini mwa Hispania. Kule Córdoba Waislamu walianza kujenga msikiti mkubwa mwaka 785. Mwaka 1236 mfalme Mkristo akashika mji, msikiti ukawa kanisa. Nguzo ziko mpaka leo, na watu wanatoka mbali kuzitazama. Rafiki mmoja akasema: "Na siye, tuko na nini ya kutazama?"

Basi Jumamosi sisi wa kalasi ya sita tulikwenda kwa miguu mpaka maporomoko ya Wagenia. Wavuvi wanafunga miti mikubwa katika maji makali na kutundika mitego yao. Stanley alipita hapa mwaka 1877 pamoja na watu wa Unguja, na mwisho wa 1883 akaacha kituo kwenye kisiwa. Nyuma yake wakafika Waarabu na Wangwana, wakitafuta pembe na watumwa. Mwaka 1887 mfalme Leopold akamfanya Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, kuwa gavana hapa. Vita ya 1892 mpaka 1894 ikamaliza utawala wao, lakini wajukuu wao wako, ni majirani wetu.

Wakati wa kurudi mwenzetu akauliza: "Kama Kiswahili ilikuja na bale benye kuuza batu, juu ya nini tunaomba Mungu nayo?" Tukanyamaza wote. Maneno ile inauma, maana waliofungwa walikuwa babu zetu.

Mimi nafikiri hivi. Wakristo wa Córdoba hawakuvunja nguzo zote. Waliomba katikati yake. Kiswahili ni nguzo yetu. Kiliingia pamoja na mnyororo, lakini leo mama anauza samaki nacho sokoni, mchungaji anahubiri nacho, na jirani Mwislamu anatuamkia nacho asubuhi. Kwa hiyo, ndugu, yale majina ya "mtumwa" na "Mwarabu" ambayo nasikia uwanjani wakati wa mapumziko, tuyaache. Hayafai kwa mtoto wa masomo haya.

Yoshua alitoa mawe 12 katika Yordani, kusudi watoto wakiuliza, wazazi wawe na jibu. Likizo hii kila mmoja aulize mzee wa kwao: tulifika Kisangani namna gani? Mlete majibu, tutayaandika katika gazeti hili.

Mkubwa wa wanafunzi, kalasi ya sita