Unga Mweupe wa Betri

Wateja wangu hapa Kalinzi wanaogopa maji ya betri, na wana haki: yakikudondokea kwenye suruali, kesho yake una tundu. Lakini kwa sisi mafundi wa sola na bodaboda, cha kuogopa zaidi ni ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri na kufunika mabamba ya ndani. Asidi inakuunguza papo hapo, unakimbilia maji. Unga hauunguzi wala haunuki, na ukikuingia hujui.

Huo ni salfeti ya risasi, chumvi inayotokea kila betri inapotoa umeme: risasi ya mabamba inaungana na asidi. Ukichaji, chumvi inarudi kuwa risasi na asidi. Betri ikiachwa tupu muda mrefu, chumvi hiyo inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziwezi, na mwenyewe anasema betri imekufa. Hapo ndipo watu huipasua, wakakwangua mabamba na kuyeyusha risasi ya kufunga kwenye nyavu.

Husemwa kwamba chumvi hii haiyeyuki. Inayeyuka, ila kidogo: lita moja ya maji hubeba kama miligramu 40. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Ndiyo maana maji niliyosafishia betri yanaingia kwenye dumu lenye kifuniko, hayamwagwi kijitoni. Watu wanachota huko chini.

Vichwa sivisugui kwa msasa mkavu, maana vumbi lake linavutwa puani. Napangusa kwa kitambaa kilicholowa. Mafundi wengi humwagia magadi, na povu likiisha wanaona kazi imekwisha. Kilichokwisha ni asidi. Risasi ipo palepale. Tena sehemu ya salfeti inageuka kabonati ya risasi, ambayo tumbo huiyeyusha kwa urahisi zaidi.

Mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Inajificha kwenye mifupa na kudhuru ubongo unaokua. Mombasa wanalijua hili: mtaa wa Owino Uhuru ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha uamuzi wa kuwalipa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kijana anayejifunza kwangu hagusi muhogo wala kikombe cha chai kabla ya kunawa kwa sabuni, na shati la kazi haendi nalo nyumbani. Betri iliyokufa tunamuuzia mnunuzi wa chakavu ikiwa nzima, na maji yake ndani. Akija mtu kuomba nimpasulie apate risasi za nyavu, namjibu kwamba pesa atakayookoa haitoshi hata nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya Maweni.