Ulimi wa Mzee Wangu

Ile video wengi mliiona. Mzee wangu anakunywa chai akikosoa serikali, na maneno yanatoka mazito kama mtu ana kiazi moto mdomoni. Mlicheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaitoa bila kusema kitu. Leo nawaambia kwa nini.

Ule ulimi ulikuwa umevimba.

Kabla ya hapo dalili zilikuwa nyingi, ila kila moja tuliipeleka kivyake. Mikono kufa ganzi usiku: akapasuliwa viganja vyote viwili, tukasema ni useremala. Miguu kuvimba: tukalaumu chumvi. Kizunguzungu akisimama: dawa za presha zikapunguzwa hadi akaziacha kabisa, na sisi nyumbani tukashangilia eti presha imepona! Mkojo kutoa povu: hiyo hakumwambia mtu. Madaktari wanne, kila mmoja akatibu kipande chake.

Tangu niache chuo, mimi ndiye humsindikiza na kubeba faili. Kwa daktari wa tano, kijana tu, akaambiwa: "Mzee, hebu toa ulimi nje." Kando kando kulikuwa na alama za meno. Ulianza lini? Mzee hakujua. Nikafungua simu. Video ya Januari anaongea sawa. Ya Agosti, kiazi moto. Manze, nilitamani ardhi inimeze.

Daktari akarudi kwa faili. Picha ya moyo ilionyesha kuta nene, lakini kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa na mawimbi madogo. Kuta zikinenepa kwa sababu ya presha, kawaida mawimbi huwa makubwa. Haya mawili hayakuwa yanaelewana. Hapo ndipo nikasikia neno amiloidosisi mara ya kwanza.

Kwa lugha yetu ni hivi: protini inajikunja vibaya, inaganda, kisha inajaa kwenye moyo, figo, neva, hata ulimi. Ziko aina kadhaa. Ya Mzee inaanzia kwa seli za uboho wa mifupa. Walipima protini kwenye damu na mkojo, wakachukua uboho, na wakatoa mafuta kidogo tumboni kwa sindano. Mafuta yale hutiwa rangi nyekundu inayoitwa Congo red. Kama amiloidi ipo, chini ya darubini yenye mwanga maalum inang'aa kijani kama tofaa. Yake iling'aa. Na aina lazima ijulikane, kwa sababu kila aina ina dawa zake.

Sasa Mzee yuko kwa dawa, zilezile za saratani ya uboho. Zinazima kiwanda, lakini kilichokwisha kuganda moyoni hakitoki haraka. Ndio maana ile miezi tuliyocheka inaniuma.

Sisemi kila mguu uliovimba ni amiloidosisi. Ni ugonjwa adimu. Ila kama mzazi wako ana shida ya moyo, figo na ganzi kwa pamoja, weka karatasi zote kwa faili moja, zipange kwa tarehe, halafu uliza: "Daktari, haya yote yanaweza kuwa kitu kimoja?"

Jana Mzee aliniuliza mbona nilitoa video. Akasema niirudishe.

Imerudi. Safari hii angalieni ulimi.