Adabu ya Mkekani

Mtu asiyeujua mchezo wa judo hudhani kwamba mafunzo yake ya kwanza ni kumwangusha mwenzio. Sivyo. Mafunzo ya kwanza ni kuanguka: kuinamisha kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, na kuupiga mkeka kwa mkono ili kishindo cha mwili kipungue. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, na mchezo aliouacha una tabia ya shule kuliko ya vita. Nguvu itumike vema, na wachezaji wafaidiane. Hiyo ndiyo misingi yake.

Nimewafundisha watoto mchezo huu kwa miaka mingi, na adabu ninayowataka waishike ni ya mambo madogo. Mtoto huvua viatu na kuvipanga. Hukata kucha zisimparure mwenzake. Huinama kwa heshima kabla ya kushikana na baada ya kuachana. Na mwenzake akipiga mkeka mara mbili, humwachia papo hapo, hata kama ushindi u karibu. Hili la mwisho ndilo kubwa, maana mtoto asiyejua kuachia ni hatari, na kila mbinu anayofunzwa humzidishia hatari hiyo.

Lakini adabu haikai mkekani peke yake. Baba mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minane akasema, “Mwalimu, huyu nyumbani hasikii. Nakukabidhi, mtie adabu.” Nikamjibu, “Ahsante kwa kuniamini, mzee wangu. Lakini mimi nitakuwa naye saa tatu katika juma, na juma lina saa 168. Zilizobaki ni zako.” Alinyamaza kitambo, kisha akauliza afanye nini. Nikamwomba mambo matatu: amlete kwa wakati, asimwachie kukosa kwa uvivu, wala asimlazimishe akiwa mgonjwa, na akiwa na kinyongo na neno langu, aniambie faraghani, si mbele ya mtoto.

Mwezi wa tatu mtoto alitaka kuacha, kwa kuwa kila siku aliangushwa yeye. Baba hakumcheka wala hakumtoa. Alimwambia amalize muhula, ndipo wazungumze. Na tangu siku ile akawa anakuja mwenyewe, akakaa ukutani kimya mpaka mwisho wa mafunzo. Mtoto akamaliza. Hakuwa bingwa, ila nilimwona akimwinamisha kidevu mtoto mgeni aliyeogopa kuanguka, akimwelekeza kwa upole. Siku hiyo nilijua kwamba kazi yangu na ya baba yake zimekutana.

Hata hivyo, msaada ukipita kiasi huwa mzigo. Huko huko Japani, mwezi Machi 2022, shirikisho la judo la nchi hiyo lilitangaza kuyafuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi. Tamaa ya ushindi ilikuwa imewapofusha wakubwa: kulikuwa na watoto walioshurutishwa kupunguza uzito, na wazazi na walimu waliowazomea waamuzi. Ikiwa mambo hayo yametokea katika nchi iliyouzaa mchezo wenyewe, sisi wengine tuna haja kubwa zaidi ya kujihadhari. Mzazi anayepiga kelele pembeni humpa mtoto walimu wawili wakati mmoja, na mtoto hawezi kuwatii wote wawili.

Basi mzazi na apime maneno yake mtoto arejeapo nyumbani. Akimwuliza, “Leo umemwangusha nani?” humfunza kuwahesabu wenzake kama mawindo. Akimwuliza, “Leo umejifunza nini?” humpa nafasi ya kusema hata kwamba ameanguka mara kumi na ameinuka mara kumi, na jibu hilo lastahili kupokewa kwa furaha.